Pahali Maji Inatulia

Ubwari, tarehe 14 Mei 2021

Kwako mudogo wangu Placide,

Nakusalimia wewe, na mama ya batoto, na batoto benyewe mumoja mumoja. Huku tuko bazima. Kikohozi kilinishika tangu mwezi wa tatu, sasa kimeniachilia. Arlette binti yetu anasoma sekondari, anafika sasa ku bega ya baba yake. Kaburi ya mama tuliondoa majani yote, tukapanga mawe upya. Eddy bwana yangu iko hapa karibu, anashona wavu, anasema nikuandikie kwamba shemeji yake alimusahau tangu aende kukaa Kalemie kula samaki ya mikeke ya bengine.

Nakuandikia kwa sababu réseau ya telefone ya huku unaijua, ni mpaka upande mulima na kusimama juu ya jiwe. Kupiga kelele mu telefone mbele ya bantu kuhusu mambo ya nyumba, mi sitaki. Jacques wa boti njo anakuletea hii barua. Yeye anafika Kalemie kila mara akipata muzigo ya Kazimia.

Placide, ziwa imefungwa. Mwaka juzi yalikuya maua, ya rangi ya zambarau, mazuri sana, yanaelea yenyewe na majani ya kung'aa kama yamepakwa mafuta. Arlette aliokota akaweka mu chupa juu ya meza. Sasa ile maua imejaa kona yetu yote, ile ghuba kidogo pale mitumbwi inalala. Ukitupa jiwe, jiwe linabaki juu. Bamama tunasukuma majani na miguu ili tuchote maji, na maji yenyewe inanuka. Nyoka alitoka mbele ya mama Anastasie, kiongozi wa bamama ku kanisa, na mama akaanguka na ndoo yake. Eddy anakata njia na panga akienda kuvua ndagala. Akirudi asubuhi anakuta upepo umefunga njia. Anakaa kule nje na samaki zake, anatuona, sisi tunamuona, jua inapanda, samaki zinaharibika.

Jacques anasema kwenye kazi yako munafuga badudu wa kula hii magugu maji. Eddy alicheka, alisema serikali imekosa bantu wa kulisha, inalisha badudu. Mi sikucheka. Kama ni kweli, uniandikie.

Dada yako,
Constance


Kalemie, 2 Julai 2021

Yaya wangu Constance, dada yangu mkubwa,

Barua yako niliisoma mbele ya watoto wote, na yule mdogo akauliza kama shangazi anajua kuogelea. Nikamwambia shangazi alinifundisha mimi. Sisi tunaendelea vizuri. Mke wangu alipata kazi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na nyumba, kwa hiyo asubuhi hapa kwetu ni mbio tu. Mwambie shemeji Eddy kwamba mikeke ya Kalemie haifikii ya kwenu, na kwamba sikumsahau.

Jacques alisema kweli. Ni wadudu wadogo, wa rangi ya majivu na kahawia, mmoja anakaa juu ya ukucha wako na nafasi inabaki. Wana mdomo mrefu uliopinda kama wa fukusi unaowaona katika mahindi, maana ni jamaa wa fukusi. Jina lao la kitabuni ni Neochetina. Walitoka mbali, Amerika ya Kusini, kule magugu maji yenyewe yalikotoka. Usiku mdudu mkubwa anakwangua jani, anaacha madoa madogo. Mayai anayaficha ndani ya shina. Mtoto akitoka, anachimba shina kwa ndani kuteremka mpaka moyo wa mmea. Maji yanaingia katika vile vishimo, mmea unaoza, unakuwa mzito, unazama. Hawali muhogo, hawali maharage, hawali kitu kingine chochote. Magugu yakiisha, nao wanaisha.

Lakini wana masharti, yaya. Wanataka mahali maji yanapotulia, pasipo mawimbi, na mmea usiguswe. Mkikata, mnakata mayai. Mkichoma, mnawachoma. Dawa ya kunyunyizia ndiyo mbaya kabisa. Nimefikiri sana juu ya mwambao wenu, na mahali pa namna hiyo ni pamoja tu, ile kona yenu. Pengine pote upepo wa kusini unayafukuza magugu huku na huku, wadudu hawatatulia.

Mwezi wa tisa nitakuja mimi mwenyewe na kuwaleta. Muda watakaotumia siwezi kuutaja sawasawa. Si wiki. Waandae watu.

Mdogo wako,
Placide


Ubwari, tarehe 21 Novemba 2021

Mudogo wangu,

Salamu kutoka kwa bote uliokula nao hapa. Tangu uende mvua ilianza vizuri, tulipanda muhogo ku shamba ya juu. Mama Anastasie anakusalimia sana, anasema ulinenepa, ni jambo nzuri. Arlette anajigamba ku shule kwamba mujomba wake ni munganga wa ziwa.

Nikuambie habari ya beseni. Unakumbuka ku mukutano mama Anastasie alikuuliza kama badudu batakula muhogo yetu, na wewe ukaweka badudu mu beseni pamoja na sombe, majani ya muhogo, ukamupatia alinde yeye mwenyewe. Alilinda kweli. Alifunika na kitambaa, alikuwa anafungua kila asubuhi mbele ya majirani. Badudu bote balikufa. Jani hata moja halina alama. Alisema, "Mududu wa namna hii sijaona. Chakula iko mbele yake, anachagua kufa." Eddy alikuwa anasimama nyuma. Alisema, "Anajua kazi moja tu." Bantu bakacheka, na tangu siku hiyo hakuna mutu anaogopa badudu.

Chefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji, aliniweka mi kuwa mulinzi ya kona, sababu ni mi nilikuita. Hakuna kukata, hakuna kupita. Mitumbwi yote ilihamia ku mawe, upande ule wa rasi. Unajua pale: ziwa inapiga, mutu anaruka na kamba mu mukono. Eddy alivunja ubao moja ya mutumbwi yake, akapiga viraka. Akipita karibu na kona anaangalia majani, tena anaenda.

Alama za badudu nimeziona, madoa madogo juu ya majani kama mutu alidonoa na sindano. Nilifurahi peke yangu kule. Lakini magugu yenyewe yanazidi kuwa mengi. Bantu bananiuliza ni lini. Nawaambia mudogo wangu anajua. Uniambie basi, ni lini?

Constance


Kalemie, 9 Machi 2022

Yaya,

Nisamehe kuchelewa. Barua yako ya Novemba ilinifikia mwishoni mwa Januari, maana boti ya Jacques ilikuwa inatengenezwa Kazimia, na baada ya hapo mimi pia nilikuwa na kazi nyingi. Watoto walipata malaria wote kwa zamu, sasa wamepona. Nashukuru kwa habari za muhogo.

Madoa uliyoyaona ndiyo yenyewe. Maana yake wamekubali, wanazaa. Sasa ndipo inabidi kuwa imara kuliko mwanzo, kwa sababu mmea bado una nguvu kuliko wao, na mtu akiingilia sasa anaturudisha nyuma kabisa. Ukiniuliza ni lini, nakujibu hivi: msimu huu wa mvua hapana. Unaofuata, labda mtaona mabadiliko.

Katika mwezi wa sita kutakuwa na wageni, wale wanaosaidia kazi yetu. Watapita kwa boti kuona pale wadudu walipowekwa. Nimewaandikia kwamba kwenu ndiko mahali bora, kona nzima haikuguswa. Tafadhali wakute iko hivyo. Wakiridhika, wataendelea na mwambao wote hadi Kazimia.

Msalimie shemeji Eddy kwa namna ya pekee. Mwambie asinikasirikie.

Placide


Ubwari, tarehe 18 Agosti 2022

Kwa Placide,

Nakusalimia. Tuko salama.

Bageni wako balifika. Balikuwa na kamera na viatu virefu vya mupira. Mwanamuke mumoja kati yao aliingia mu maji mpaka ku kiuno, akavuta mumea moja, akapasua shina na kisu kidogo, akatuonyesha mutoto wa mududu ndani, mweupe, anajikunja. Balipiga makofi. Aliniuliza kama bantu ya hapa banafurahi. Nikasema ndiyo. Balinipiga picha mbele ya kona.

Majani yalianza kuwa ya kahawia ku pembeni. Mimea haipandi tena urefu wa mutu, inafika ku magoti. Maua ni machache. Ile unatamani kujua, njo hiyo.

Eddy iko kazini. Arlette anasaidia ku shamba. Tunapika kidogo, hatuko bengi ku nyumba.

Constance


Kalemie, 6 Oktoba 2022

Yaya wangu,

Barua yako ya Agosti ni fupi, na si kawaida yako. Niliisoma mara nyingi nikitafuta neno la shemeji Eddy zaidi ya "iko kazini". Nilifurahi juu ya ile habari ya majani, kisha furaha ikanitoka.

Jana nilimbana Jacques. Kwanza alizungusha maneno, baadaye akaniambia: Eddy yuko Misisi tangu mwezi wa nne, anachimba dhahabu. Mtumbwi ulivunjika kwenye mawe na hakupata mbao za kutengeneza mwingine. Jacques alisema pia kwamba Eddy alituma mtu kukuita umfuate, na wewe ukajibu kwamba huwezi kuacha kona. Kwa nini hukuniambia?

Sikuandikii ili kukulaumu. Tangu jana nimekaa nikihesabu tena mambo ya kazi yetu, na naona nilikuwa mkali kupita kiasi. Sasa sikiliza vizuri. Fungueni njia. Ikateni katikati ya kona, upana wa mitumbwi miwili kupishana, kutoka mchangani hadi maji ya wazi. Pande zote mbili ziacheni. Wadudu watapungua lakini hawatakwisha, wameshakuwa wengi, watajaza tena. Mwonyeshe chefu barua hii, jina langu liko chini. Na umtume mtu Misisi haraka, amwambie Eddy arudi nyumbani kabla mvua haijakolea, kwa sababu kule mlima ukilowa hauaminiki. Kuhusu mbao, nitaona la kufanya na Jacques.

Arlette hajambo? Mwambie mjomba anamuuliza.

Nakungojea unijibu hata kwa maneno mawili.

Placide


Ubwari, tarehe 11 Februari 2023

Mudogo wangu Placide,

Barua yako ya mwezi wa kumi ilifika juma iliyopita. Jacques alikuwa ameficha boti yake mu Kazimia sababu ya vita ya kule na kule, haikutembea miezi. Alinipatia barua na mikono miwili, akaketi chini, hakuondoka. Alikuwa anajua sasa jambo ile wewe ulikuwa haujui.

Eddy alikufa mu mwezi wa kumi na mbili.

Nitakuambia vile ilikuwa. Mvua ilinyesha kule Misisi usiku na muchana. Asubuhi ilitulia, bantu bakaingia mu shimo. Udongo ya juu ikashuka. Bale balikuwa karibu na mudomo balivutwa, bengine wazima, bengine bamevunjika. Eddy alikuwa chini. Habari ilinifikia kwa mutu aliyekuya na pikipiki mpaka mji wa Baraka, akavuka ziwa. Nilienda. Nilivuka Baraka, nikapanda piki, tukapita Fizi, njia yote ni matope, tulikuwa tunashuka na kusukuma. Nilifika balishamuzika. Hawakuweza kungoja, na mi nabashukuru balivyomufunga vizuri mu blanketi mpya.

Kuna mutu alikuwa analala naye chumba kimoja, anaitwa Anatole. Alinionyesha kaburi, alinipa chai, akaniambia kwamba kila mutu akitoka upande wa ziwa, Eddy alikuwa anamuuliza neno moja tu. "Kona ilifunguka?" Bakisema hapana, anarudi kulala.

Uliniuliza kwa nini sikukuambia aliondoka. Ni kwa sababu ningekuambia aliondoka, ningepaswa kukuambia vile aliondoka. Mutumbwi ulivunjika siku ya upepo ku mawe. Kesho yake alienda ku kona na panga. Mi nilikuwa pale, nilisimama mbele yake mu maji. Nilimuambia, "Eddy, ngojea. Placide anasema msimu mumoja tena." Aliniambia, "Constance, mi sitaki kona yote. Nataka njia." Nikasema chefu alikataza, na bageni banakuya. Aliniangalia. Mutu kama Eddy angenisukuma kando na mukono moja. Hakunisukuma. Aliweka panga juu ya muchanga, akaenda nyumbani, akafunga nguo zake.

Alafu akanitumia neno nimufuate. Nilikataa. Nilikuwa nafikiri, nikitoka hapa bantu batakata yote, na kuondoka kwake kutakuwa ya bure. Niliona heri kona ifunguke haraka, yeye njo arudi. Basi nililinda. Hata usingizini nililinda.

Jambo ingine, nataka lisibaki katikati yetu. Najua alifika kwako. Kabla ya mutumbwi kuvunjika, mu mwezi wa pili, aliniambia anaenda Kazimia kutafuta nyuzi, kumbe alifika mpaka Kalemie. Aliporudi aliniambia. Alisema, "Mudogo wako alinipokea vizuri, tulikula vizuri. Nilimuomba njia, akakataa." Alinikatalia nisikuandikie juu ya hiyo, alisema haitafaa mutu agombane na ndugu yake ya tumbo moja sababu ya majani. Njo maana sikuandika. Nawe haukuandika.

Njia uliyoruhusu, tuliikata siku ile ile barua ilifika. Bantu bote balikuya. Mi nilibaki ku nyumba.

Njoo kama unaweza.

Constance


Kalemie, 3 Mei 2023

Yaya,

Nilifika salama. Boti ilitikisika usiku wote, lakini sikuwa na usingizi wa kupoteza.

Nilikaa kwako siku zote zile za kilio, nikakata kuni, nikapokea wageni, nikazungumza na chefu, nikacheza karata na Arlette. Wewe na mimi tulikaa jikoni jioni nyingi, na hakuna aliyetaja ile siku shemeji alipokuja Kalemie. Ulinipa chakula, nikala. Sasa niko mbali, na kalamu inanipa ujasiri ambao mdomo ulikosa.

Shemeji alifika ofisini kwetu asubuhi, na shati lake jeupe la kanisani. Aliniomba kwa adabu kuliko nilivyostahili. Alisema, "Wewe sema neno, yaya wako anakusikia wewe kuliko mimi." Mimi nilikuwa nafikiria wageni wa mwezi wa sita. Nilikuwa nafikiria picha ya kona nzima, haikuguswa. Nikamweleza habari za mayai na mashina kama mwalimu mbele ya darasa. Nilipomaliza aliomba kuona mahali tunapowafuga. Nikampeleka kwenye mabeseni. Alisimama akiangalia, akagusa jani moja, akasema, "Hawa wanakula vizuri kuliko batoto ya kwetu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetoa habari. Kisha tukaenda nyumbani kula.

Ile ruhusa niliyokuandikia Oktoba ningeweza kumpa yeye siku ile. Wadudu ni wale wale. Kona ni ile ile. Hakuna nilichojifunza katikati ya siku hizo mbili, isipokuwa kwamba alikuwa ameshaondoka.

Wenzangu wanataka kupeleka wadudu Kazimia mwaka ujao na wanasema niongoze. Nimewaambia sitaki. Mke wangu anasema nikiacha, atakwenda mtu asiyejua lolote juu ya watu wa pale, na itakuwa vibaya zaidi. Sijui. Nakuuliza wewe, kama nina haki ya kukuuliza.

Mdogo wako


Ubwari, tarehe 30 Juni 2024

Mudogo wangu Placide,

Nakusalimia, pamoja na mama ya batoto na batoto. Mwaka umepita na zaidi, sikukujibu. Haikuwa hasira. Kila mara nikishika karatasi nilikuwa nakosa pa kuanzia. Arlette alimaliza shule, alifaulu, sasa anafundisha batoto badogo hapa ku kanisa na anangojea kuona kama atapata pa kuendelea. Ana mutembeo ya baba yake, ukimuona kwa mbali unashituka. Mama Anastasie alianguka tena, mara hii ku ngazi, mukono unapona.

Unajua vile maji ilipanda mwaka huu. Kwenu Kalemie nasikia nyumba ziliingia ndani ya maji. Huku ilikula muchanga, ikala mwembe mbili, ikafika ku ukuta ya kanisa. Tuliogopa sana. Alafu asubuhi moja tukasikia batoto banapiga kelele. Magugu yalikuwa yanaenda. Yalikuwa yamebaki mafupi, ya kahawia, mizizi imeoza, yameshikana kama mukeka ya zamani. Maji ilipoinua ule mukeka ukakatika vipande, na upepo ukachukua vipande moja moja. Vingine vilizama mbele ya macho yetu, vikatoa mapovu. Mpaka jioni kona ilikuwa wazi. Maji meusi, matupu. Nilikuwa nimesahau kwamba mu kona ile mawingu yanaonekana.

Bengine banasema ni badudu. Bengine banasema ni maji. Mi nilipasua mashina mangapi, najua ile ilikuwa ndani. Lakini sibishani na mutu.

Bantu balikuya na ngoma. Chefu alitaka niseme neno mbele ya bote, nikamuambia mama Anastasie anasema vizuri kuliko mi. Aliombea, alitaja bale balikaza roho, alitaja badudu, alikutaja wewe. Hakumutaja Eddy. Najua alinyamaza kwa kunihurumia. Mi nilikuwa namungojea amutaje. Usiku nilienda mwenyewe ku kona nikakaa juu ya muchanga, nikaita jina lake kwa sauti ya kawaida, vile mutu anaita mutu aliye mu chumba cha pili.

Sasa nikujibu ulichoniuliza.

Mu mwezi huu bamama balifika kutoka Kazimia, pamoja na mumoja wa wenzako wa kazi. Kwao magugu yanaanza. Balitaka kuniuliza mi, mulinzi wa badudu, kama bakubali ama bakatae. Yule mwenzako alianza kuwaeleza, mahali maji inatulia, kusiguswe, kusikatwe, mupaka msimu ya tatu. Nilimuomba anipishe niseme kidogo.

Nilibaambia: chukueni badudu. Bana kazi, nimeiona na macho yangu. Lakini mbele ya yote mwende kwanza kwa bale benye mitumbwi. Muulize mutu anapita wapi akienda, anapita wapi akirudi na muzigo, ana njia ingine ama hana. Njia hiyo muikate siku ya kwanza, badudu muwawekee pembeni. Na kama mutu wa kazi anawaambia pahali ni pamoja tu, mumwambie aende atembee tena atafute pengine. Mumwambie hivyo hata kama ni mudogo wangu ya tumbo moja.

Mumoja wao, mwanamuke wa umri yangu, aliniuliza, "Na wewe hapa, mulifanya vile?" Nikasema hapana. Alinishika mukono, tukabaki vile mpaka chai ikachemka.

Basi uende Kazimia, Placide. Nataka uongoze wewe. Yule mwenzako ni kijana muzuri lakini hajui ile we unajua, na sitaki mutu mwingine aijue kwa njia tuliyoijua sisi. Ukifika kule usianze na badudu. Anza na kukaa.

Na ukimaliza, pita hapa. Usilete kintu, usilete bageni. Arlette anakuuliza kila mara. Hauhitaji tena kushuka ku mawe na kuruka na kamba. Boti inafika sasa mpaka mbele ya nyumba.

Yaya wako,
Constance